Kata Neno Kwenye Mshono: Silabi na Mkazo wa Vivumishi Ambatani vya Kiingereza

*Well-dressed* ni neno la silabi mbili. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, akilitamka bila kujichunga, hutoa tano: we-li-dre-si-di. Hakuna aliyemfundisha kuongeza zile tatu. Kiswahili hupenda silabi iishie kwenye irabu, na pale ambapo Kiingereza hakikuweka irabu, ulimi hujitafutia yake. Ni tabia hiyohiyo iliyotupatia *benki*, *kilabu* na *baiskeli*, na kwenye maneno ya mkopo haina ubaya wowote. Ndiyo inayoyafanya yawe yetu. Ubaya huanza pale msikilizaji wa Kiingereza anaposubiri mapigo mawili akapewa matano, tena mkazo ukiwa umetua kwenye *si*, silabi ambayo kwake haipo kabisa.

Vivumishi ambatani huumbua tabia hiyo kuliko maneno mengine, kwa sababu kila kimoja kina sehemu mbili za hatari: pale nusu ya kwanza inapokutana na ya pili, na pale neno zima linapoishia. Nazungumzia maneno kama *old-fashioned*, *blue-eyed*, *time-consuming*, *second-hand*, *duty-free*: maneno mawili au zaidi yaliyoungana yakafanya kazi ya kivumishi kimoja. Mengi huandikwa kwa kistari, mengine hushikana moja kwa moja kama *homesick* na *waterproof*, na mengine hubadilika kulingana na nchi. Waingereza wengi huandika *kind-hearted*. Kamusi za Marekani huandika *kindhearted*. Kwa hiyo kistari si cha kutegemea. Cha kutegemea ni mshono, yaani mahali maneno hayo mawili yalipokutana, na mshono huo upo kinywani hata usipoonekana kwenye karatasi.

Mafunzo mengi huanza kwa kumhesabisha mwanafunzi herufi za irabu, au kwa kumkaririsha orodha ya kanuni za mkazo. Njia zote mbili zinachelewesha. Irabu za maandishi ya Kiingereza hazihesabiki: *aged* ndani ya *middle-aged* ina herufi mbili za irabu na silabi moja. Anza na mshono. Ukishakata hapo, kila nusu unaihesabu peke yake kwa sikio, na swali la mkazo linabaki na majibu mawili tu: nusu ya kwanza au nusu ya pili.

Mshono unafanya nini

Kiswahili nacho kina maneno ambatani, ila chenyewe huyashona mpaka mshono usisikike. *Mwanafunzi*, *kipaumbele*, *batamzinga*: mkazo ni mmoja, uko silabi ya pili kutoka mwisho, na haujali neno la kwanza liliishia wapi. Tunasema mwanaFUnzi, kipauMBEle, batamZInga. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kwenye neno ambatani kila nusu hubaki na irabu zake kamili na mipaka yake. Ndiyo maana *-proof* ya *waterproof* hutamkwa kwa *u* ndefu iliyonyooka, na *-like* ya *childlike* hutamkwa kama neno *like* likiwa peke yake, wakati viambishi kama *-ful* na *-less* katika *careful* na *careless* vimefifia hadi irabu yake karibu haisikiki. Ukiififisha *proof*, umelifanya neno ambatani liwe neno la kiambishi, na msikilizaji atababaika. Yako maneno ambayo mshono wake umekufa kwa kuzeeka: *breakfast* zamani ilikuwa *break* na *fast*, leo nusu zote mbili zimepoteza sauti zake za asili. Lakini hayo ni machache, na kwa sehemu kubwa si vivumishi.

Mfano mzuri zaidi wa nguvu ya mshono unatokana na sauti ambayo sisi tunaijua vizuri. Kiswahili hutofautisha *ng'* ya *ng'ombe* na *ng* ya *ngoma*. Kiingereza kina sauti hizo mbili, ila huziandika kwa herufi zilezile. *Long* inaishia kwa *ng'*, bila *g* yoyote. *Longer* ina *ng* ya *ngoma*. Sasa chukua *long-armed*, mwenye mikono mirefu. Baada ya *ng* inafuata irabu, sawa na kwenye *longer*, lakini *g* haitokei, kwa sababu mshono umekaa katikati. Hutamkwa long'-amd, silabi mbili, si lo-ngamd. Vivyo hivyo *sharp-tongued*: nusu ya pili ni tang'd, silabi moja. Na vivumishi vyote vinavyoishia *-ing*, kama *hard-working*, *good-looking*, *far-reaching*, vinafunga kwa *ng'* ya *ng'ombe*. Anayesema *hadi-wakingi* ameongeza irabu mbili na *g* moja. Kwa mtu anayeweza kusema *ng'aa* bila shida, hili ni kosa la kuondoka nalo siku hiyohiyo: weka *ng'* mwishoni, kisha nyamaza.

Mshono pia hutengeneza sauti ndogo za kuunganisha. Nusu ya kwanza ikiishia kwa irabu na ya pili ikaanza kwa irabu, kinywa huteleza. Baada ya *blue* midomo imebana, kwa hiyo *blue-eyed* husikika blu-waid. Baada ya *starry* ulimi uko juu, kwa hiyo *starry-eyed* husikika na *y* nyembamba katikati. Sauti hizi hujitokeza zenyewe, hazihitaji mazoezi. Kwa Kiingereza cha Uingereza *far* peke yake haina *r* ya kusikika, lakini *far-off* inayo, kwa kuwa irabu inaifuata.

Sehemu inayohitaji kazi ni pale konsonanti inapokutana na konsonanti. Zikiwa sawa, kama *t* mbili za *short-tempered*, hazitamkwi mara mbili wala haiongezwi irabu katikati. Funga ulimi kwenye *t* ya kwanza, ushikilie kwa muda mfupi, uachilie kwenye ya pili. Zikiwa jirani, kama *d* na *t* za *bad-tempered*, fanya hivyohivyo: *d* inashikwa bila kuachiliwa, mlipuko unasikika kwenye *t* peke yake. Shoti-tempa na badi-tempa hutokana na kuachilia mapema. Pumzi ikishatoka, *i* inaifuata yenyewe.

Halafu kuna *t* na *d* zinazodondoka. Nusu ya kwanza ikiishia kwa konsonanti mbili na ya mwisho ikawa *t* au *d*, kama *-st*, *-ft*, *-ld* au *-nd*, na nusu ya pili ikaanza kwa konsonanti, wazungumzaji wa asili huidondosha hiyo *t* au *d* katika mazungumzo ya kawaida. *First-class* huwa *firs-class*. *Soft-boiled* huwa *sof-boiled*. *Cold-blooded* huwa *col-blooded*, na *brand-new* karibu kila mara huwa *bran-new*. Hata *d* ya *old-fashioned* na ya *world-famous* hupotea. Kizuizi kikubwa ni *h*. Kabla ya *h* sauti hizo hubaki: *second-hand*, *left-handed*, *kind-hearted* hutaka *d* na *t* zake. Na *absent-minded* haimo kwenye mkumbo huu, kwa kuwa *n* ni ghuna, yaani hutetemesha koo, na *t* si ghuna. Hiyo *t* hushikwa tu bila kuachiliwa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hii ni habari njema ambayo walimu huificha, pengine kwa kuogopa kwamba mwanafunzi atakuwa mzembe. Ukijikuta unachagua kati ya kuongeza *i* na kudondosha *d*, dondosha. *Col-blooded* ni Kiingereza cha watu wenye Kiingereza. *Koldi-bladedi* si cha mtu yeyote. Ruhusa hiyo ni ya katikati ya neno tu. Mwishoni haipo: ukiidondosha *t* ya *well-dressed* mbele ya irabu au mbele ya kituo, umeharibu neno.

Ile -ed ya mwisho

Vivumishi vingi vya aina hii huishia kwa *-ed* iliyobandikwa kwenye nomino: *eye*, *leg*, *heart*, *mind*, *face*. Hapa ndipo hesabu ya silabi huharibika zaidi, kwa sababu *-ed* ina matamshi matatu na moja tu kati ya hayo ni silabi.

Angalia sauti ya mwisho kabla ya *-ed*, si herufi. Ikiwa *t* au *d*, basi *-ed* ni silabi kamili, *id*: *kind-hearted* silabi tatu, *short-sighted* tatu, *left-handed* tatu, *absent-minded* nne, *single-handed* nne. Ikiwa sauti si ghuna nyingine, kama *p*, *k*, *s*, *sh* au *ch*, *-ed* ni *t* tupu isiyoongeza silabi: *round-faced* mbili, *thin-lipped* mbili, *high-pitched* mbili, *far-fetched* mbili. Ikiwa irabu au sauti ghuna nyingine yoyote, ni *d* tupu: *blue-eyed* mbili, *dark-skinned* mbili, *long-sleeved* mbili, *bad-tempered* tatu, *air-conditioned* nne.

Mitego ni michache lakini inajulikana. *Aged* likiwa peke yake mbele ya nomino, kwa maana ya mzee sana, lina silabi mbili. Ndani ya *middle-aged* linarudi kuwa moja. *Legged* ndani ya *three-legged* hutamkwa na wengi kwa silabi mbili, leg-id, ingawa kanuni ingetaka moja. Zote mbili zimo kwenye kamusi, na kwenye ule mchezo wa watoto kukimbia wawiliwawili wamefungwa miguu utasikia leg-id. Sababu ni kwamba Kiingereza kina kikundi kidogo cha vivumishi vya kale vilivyobaki na *id* yao: *naked*, *wicked*, *ragged*, *crooked*, *rugged*. Hivyo huvihesabu ukavikariri, kanuni haivifikii.

*Old-fashioned* inastahili kuangaliwa kwa karibu. Maandishi yanaonyesha irabu kibao, sikio linasikia silabi tatu: *old*, *fash*, *nd*. Hiyo ya tatu haina irabu yoyote ya maana. Ni *n* inayosimama yenyewe kama silabi. Mgeni mwingine angehangaika hapa, Mswahili hana haja, kwani *m* ya *mtu* na *n* ya *nchi* zimekuwa silabi kinywani mwake tangu utotoni. Tofauti ni mahali tu: kwetu iko mwanzoni mwa neno, kwao iko mwishoni. Sema fash, kisha *n* ileile ya *nchi*, kisha ufunge kwa *d*. *Middle* ndani ya *middle-aged* inafanya hivyo kwa *l*.

Kuhusu kuondoa *i* ya mwisho, maelezo peke yake hayasaidii. Zoezi linalofanya kazi ni hili. Chukua neno linaloishia kwa konsonanti na uliweke mbele ya *and*: *well-dressed and tall*, *blue-eyed and small*, *high-pitched and loud*. Tamka *t* au *d* ya mwisho kana kwamba ni mwanzo wa *and*: wel-dres-tand, blu-wai-dand, hai-pich-tand. Ulimi ulikuwa unatafuta irabu ya kuegemea, na sasa umepewa iliyo halali. Rudia mpaka iteleze, kisha punguza sauti ya *and* polepole hadi ubaki na *t* tu, ukisikia pumzi ndogo na hakuna irabu. Wanaoshindwa hapa huwa wanajaribu kuifanya *t* ya mwisho iwe na nguvu kama ya *taa*. Haihitaji nguvu hiyo. Ukigusa tu na kuachia pumzi kidogo, inatosha.

Watu hubishana pia kuhusu *hearted*: je, ni heart-ed au hear-ted? Kamusi za Kimarekani zinazoonyesha nukta zitakupa *heart·ed*, wataalamu wengine wa fonolojia watasukuma *t* iende mwanzo wa silabi inayofuata, na John Wells katika kamusi yake ya matamshi, iliyotoka mara ya kwanza 1990, huipeleka konsonanti upande wa irabu yenye mkazo zaidi, kwa hiyo *t* hubaki nyuma. Kwa msemaji hakuna tofauti ya kusikika, na muda unaotumiwa darasani kulijadili hili ungefaa kwa *ng'*. Idadi ya silabi ni ileile.

Mkazo: nusu ipi?

Mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho yana hila. Kwenye kundi kubwa la vivumishi hivi yanatoa jibu sahihi kwa bahati: kind-HEART-ed, absent-MIND-ed, old-FASH-ioned, bad-TEM-pered, good-LOOK-ing, user-FRIEND-ly, world-FA-mous. Mtu anaweza kusema maneno hayo yote miaka kumi bila kusahihishwa, akaamini kanuni anayoitumia ni ya Kiingereza. Kumbe ni ya Kiswahili. Inaanguka pale nusu ya pili inapokuwa na silabi moja, kwa sababu hapo mkazo unatakiwa mwisho kabisa: well-KNOWN, second-HAND, brand-NEW, duty-FREE, blue-EYED, middle-AGED, part-TIME. Mswahili husema DUty-free au duTY-free. Na inaanguka tena pale mkazo unapotakiwa mwanzoni: TIME-consuming hugeuka time-conSUming, WATERproof hugeuka waTERproof, TRUSTworthy hugeuka trustWORthy.

Kanuni yenyewe si ngumu ukiuliza nusu mbili zinahusianaje.

Nusu ya kwanza ikiwa kivumishi, kielezi au namba, mkazo mkuu huenda nusu ya pili. Humo ndimo *old-fashioned*, *well-known*, *hard-working*, *long-lasting*, *easy-going*, *first-class*, *three-legged*. Hili ndilo kundi lenye watu wengi na lenye utii mkubwa.

Nusu ya kwanza ikiwa nomino inayotendwa na kitenzi kilicho nusu ya pili, mkazo hukaa kwenye nomino. Kitu kinachovunja moyo ni HEARTbreaking, kinachokula muda ni TIME-consuming, kinachochochea fikra ni THOUGHT-provoking, wanaosema Kiingereza ni ENGlish-speaking. Tofauti hii hubeba maana. Sema *a MAN-eating fish* na umetaja samaki anayekula watu. Sema *a man eating FISH*, kwa pumzi sawa kila neno na uzito mwishoni, na umetaja mtu mezani na sahani yake. Kistari kinaonekana kwa anayesoma. Anayesikiliza ana mkazo peke yake.

Penye nomino mbele na kivumishi nyuma, kundi linagawanyika, na wengi hukata tamaa hapo wakaamua kukariri. Si lazima. Nomino ikitaja *kama nini* au *kiasi gani*, mkazo huenda mwisho: ice-COLD ni baridi ya barafu, snow-WHITE weupe wa theluji, crystal-CLEAR, dirt-CHEAP, rock-HARD, na *brand-new* yenyewe. Kiswahili hufanya jambo linalokaribiana tunaposema nyeupe *pe*, nyeusi *ti*, nyekundu *ndu*: nguvu yote inawekwa mwishoni, na mtu akiishusha hapo maneno yanapoa. Ukitamka *snow-WHITE* kwa moyo uleule wa *pe*, hutakosea. Kwa upande mwingine, zile nusu za pili zinazojirudia kwenye maneno mengi, *-proof*, *-sick*, *-tight*, *-worthy*, huuachia mkazo upande wa kwanza: BULletproof, SEAsick, AIRtight, TRUSTworthy. *-free* ni kigeugeu: duty-FREE, tax-FREE, sugar-FREE, lakini CAREfree, ambalo ni la zamani na limeshikana. Na *-made* haifuati wenzake: ilhali SUNburnt na MOTH-eaten hukazwa mwanzoni, hand-MADE, home-MADE na man-MADE hukazwa mwishoni.

Kwenye kamusi, alama ndogo ya wima iliyo juu, ˈ, ndiyo ya mkazo mkuu, na iliyo chini, ˌ, ni ya mkazo mdogo. Zote mbili huwekwa *kabla* ya silabi inayohusika katika alfabeti ya kimataifa ya fonetiki. Kamusi za zamani za Marekani ziliweka alama *baada* ya silabi, kwa hiyo aliyezoea kitabu cha babu yake atasoma kila kitu silabi moja nyuma. Soma kwanza ukurasa wa maelezo.

Mkazo unaohama

Hapa ndipo mwanafunzi aliyekariri vizuri huanza kudhani kamusi imemdanganya. Ameambiwa ni second-HAND, kisha anasikia redioni *a SEcond-hand CAR*. Vyote viwili ni sahihi.

Kiingereza hakipendi mikazo miwili mikuu iliyobanana. Neno lenye mkazo mdogo mwanzoni na mkuu mwishoni likifuatwa mara moja na nomino inayoanza kwa mkazo, mkuu unarudi nyuma ili kuacha nafasi. *The phone is brand-NEW*, lakini *a BRAND-new PHONE*. *She is well-KNOWN*, lakini *a WELL-known SINGer*. *The teacher is bad-TEMpered*, lakini *a BAD-tempered DOG*. Nomino ikianza kwa silabi isiyokazwa, kama *machine*, msukumo wa kuhama hupungua, ingawa wengi bado huhama. Maneno yaliyokazwa mwanzoni tangu awali hayana pa kwenda: *TIME-consuming* hubaki hivyo mbele ya nomino na mwisho wa sentensi.

Kamusi kadhaa za wanafunzi huweka pembetatu ndogo, ◂, baada ya maneno yanayohama. Wengi huiona na kuipita, wakidhani ni pambo la mchapaji. Ukiiona, lifanyie neno hilo mazoezi ya sentensi mbili, moja likiwa mwisho, moja likiwa mbele ya nomino, moja baada ya nyingine. Neno peke yake kwenye orodha halifundishi kitu kuhusu kuhama.

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hupima stadi za mazungumzo ya Kiingereza kwa maandishi, ndani ya karatasi ya kwanza. Mtu anaweza kujibu maswali ya mkazo kwa kalamu na akapata alama, huku kinywa chake hakijawahi kuhamisha mkazo hata mara moja. Kwa anayejiandaa, ni busara kusoma swali kwa sauti kabla ya kulijibu, na kuangalia kama kivumishi kimewekwa mbele ya nomino au mwishoni, kwani jibu linaweza kutegemea hilo.

Kuna kitu kimoja kinachozishinda kanuni zote hizi, nacho ni ulinganisho. Daktari wa macho akisema *you're SHORT-sighted, not LONG-sighted*, mkazo umeenda mwanzoni mara zote mbili kwa sababu tofauti iko hapo. Kanuni za kamusi ni za neno lililotulia, lisilobishana na jingine.

Vivumishi vya vipande vitatu au vinne vinafuata mwendo uleule: mkazo kwenye kipande cha kwanza na cha mwisho, na vilivyo katikati vinakanyagwa. *State-of-the-art* ni silabi nne; *of* hubaki irabu hafifu na *v*, na *the* hutamkwa dhi kwa kuwa irabu inafuata. *Up-to-date* ni tatu, na *to* yake haina *u* ya kusikika. *Down-to-earth* nayo ni tatu, ila *to* hurudishiwa *u* yake, kisha *w* nyembamba, kwa sababu *earth* inaanza kwa irabu. Anayetamka kila kipande kwa uzito sawa, kama tunavyotamka silabi za Kiswahili, hasomeki vibaya, lakini anachosha. Msikilizaji hajui ashike wapi. Katika *five-year-old*, *year* haichukui *s* hata namba ikiwa kubwa, na *a three-hundred-year-old tree* ni mti mmoja wa miaka 300, wakati *three hundred-year-old trees* ni miti mitatu ya miaka 100. Kwa sauti, tofauti ni pumzi fupi baada ya *three* katika mfano wa pili. Ukiikosa pumzi hiyo, umeotesha msitu mwingine.

Kukata mwisho wa mstari

Kukata neno kwa ajili ya maandishi ni kazi nyingine, na kuichanganya na silabi za kinywani huleta fujo. Mchapaji hakati kila penye silabi. Hataki kuacha herufi moja peke yake, kwa hiyo *open* haikatwi ingawa ina silabi mbili. Hakati ndani ya silabi moja, kwa hiyo *skinned*, *known*, *faced* na *sleeved* hazigusiki hata zikiwa ndefu kwa macho. Na neno ambalo tayari lina kistari hukatwa pale kwenye kistari tu: *old-* mstari wa juu, *fashioned* mstari wa chini. Ukikata *old-fash-* kisha *ioned*, msomaji atakutana na vistari viwili asijue kipi ni cha neno na kipi cha mstari. Neno lililoshikana hukatwa kwanza kwenye mshono: *water-proof*, *heart-breaking*, *trust-worthy*. *Wa-terproof* inaruhusiwa na kamusi, lakini hakuna mhariri mzuri anayeipenda.

Programu za kompyuta hufanya hivyo kwa kulinganisha mifuatano ya herufi. Frank Liang aliieleza njia hiyo mwaka 1983 katika tasnifu yake Stanford, na TeX, mfumo wa kupanga kurasa kwa kompyuta, unaitumia. TeX ikikuta neno lenye kistari, kwa kawaida hukata pale kwenye kistari na kuziacha nusu zote mbili nzima, sawa na mchapaji wa zamani. Matokeo yake ni kwamba *air-conditioned* likiangukia vibaya kwenye safu nyembamba ya gazeti, mstari hutoka pembeni au unabaki na mapengo mapana. Dawa ni kuruhusu kwa mkono mkato mmoja zaidi, baada ya *con*. Kama mhariri hautaki mkato huo, panga sentensi upya.